Kaa Tu, Bibi

Nyumba nyingi za kwetu zina sentensi ambayo mwanamke mzee huisikia kila anapojaribu kunyanyuka: kaa tu, bibi. Akishika ufagio ananyang'anywa. Akitaka kupeta mchele, mjukuu anauvuta ungo kwa adabu na kumwambia ayapumzishe macho. Akisema anakwenda shambani kuangalia mihogo yake, watu watatu wanasimama kumweleza jua lilivyo kali. Hakuna mwenye nia mbaya hapo. Tumelelewa kuamini kwamba aliyetubeba mgongoni hapaswi kubeba ndoo mbele ya macho yetu, na jirani akimkuta mama mkwe wako anafua, habari itafika kisimani kabla yako. Babu naye mambo ni hayo hayo: ng'ombe wamegawiwa vijana, na kikao cha ukoo siku hizi kinafanyika Dar es Salaam, yeye analetewa taarifa ya yaliyoamuliwa. Ukiichunguza heshima yetu kwa wazee, sehemu yake kubwa ni kuwaondolea kazi. Tunawatandikia mkeka barazani, tunawaletea chai, na baada ya mwaka mmoja miwili tunaanza kuulizana mbona bibi siku hizi hasemi.

Hasemi, chakula anakigusagusa tu, usingizi unamkatika saa nane za usiku. Nyumbani tunasema ni uzee. Wengine wanasema ana mawazo, na hapo maongezi yanakwisha. Daktari angeweza kuiita sonona, lakini nani humpeleka mzee hospitali kwa sababu amenyamaza? Anapelekwa kwa presha, kwa sukari, kwa miguu kuvimba. Na akifika, akiulizwa anaumwa nini, anataja magoti, kwa kuwa magoti ndiyo maumivu ambayo mtu mzima anaruhusiwa kuyataja mbele ya kijana mwenye koti jeupe.

Sasa inasemwa simu itasaidia. Duniani kote watu wanatengeneza programu, wanarekodi jumbe za sauti, wanapanga mazungumzo ya simu, wote wakilenga upweke na sonona za wazee, na baadhi ya kazi hizo zimepimwa kwa uangalifu na kuonekana zinafaa. Mimi si mpinzani wa simu. Ila kila nikisoma juu ya chombo kipya cha namna hii najiuliza jambo moja kabla ya mengine: kinampelekea mzee kitu, au kinamtaka afanye kitu? Naona tofauti hiyo inaamua mengi kuliko ubora wa programu yenyewe.

Tuanze na simu tuliyokwisha kuizoea. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na haikuchukua muda mrefu kabla ya kugeuka njia kuu ya kumtunza mzee aliyebaki kijijini. Kabla ya hapo hela ilipelekwa kwa mkono. Kijana alipanda basi, au alimpa kondakta bahasha, au alisubiri mtu wa kwao anayesafiri, na mara nyingi ikabidi aende mwenyewe, alale siku mbili, aonyeshwe ukuta ulioanguka na mbuzi aliyezaa, asuluhishe ugomvi wa mpaka, aondoke na gunia la mahindi. Hela ilikuja na mtu. Olga Morawczynski, mtafiti aliyefuatilia matumizi ya M-Pesa katika miaka ile ya mwanzo kati ya Kibera na kijiji cha Bukura, magharibi mwa Kenya, aliwakuta wanawake wa kijijini wakihofia kwamba waume zao walioko mjini sasa wanarudi nyumbani kwa nadra, maana hela haina tena haja ya kusindikizwa. Hao walikuwa wake. Mama wa waume hao, nadhani, waliona hivyo hivyo.

Sikiliza maongezi ya simu ya mwisho wa mwezi, yale ambayo wengi wetu tunaweza kuyaigiza tukiwa tumefumba macho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba, hujambo?"

"Sijambo. Umeiona ile hela?"

"Nimeiona, Mungu akuzidishie."

"Nimeweka na ya kutolea."

"Ahsante baba."

"Haya bibi, niko kazini, tutaongea."

Dakika moja haikuisha. Hapo hakuna kosa la adabu hata moja, na upendo upo, umehesabiwa mpaka na makato ya wakala. Lakini angalia bibi alichotakiwa kufanya: kuthibitisha kwamba amepokea, na kuomba dua. Hakuulizwa kitu ambacho yeye anakijua na mjukuu hakijui. Hakuombwa ushauri juu ya mtoto anayelia usiku, wala hakuulizwa yule mchumba aliyeletwa Desemba amemwonaje. Amekuwa mwisho wa njia ambayo vitu vinafikia.

Wataalamu wa akili za wazee wana maswali yao ya kupimia hali hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jerome Yesavage na wenzake huko California walitunga maswali 30 ya ndiyo na hapana ya kutambua sonona kwa watu wazima sana; mwaka 1986 yakafupishwa yakabaki 15, na hayo ndiyo yamezunguka dunia. Waliyatunga kwa makusudi bila kutegemea mambo ya mwili, kwa sababu mzee asiyelala au asiye na hamu ya kula anaweza kuwa mgonjwa wa kitu kingine kabisa. Kwa hiyo maswali yanakwenda kwenye moyo: unaridhika na maisha yako, unaona maisha yako ni matupu, unajiona huna thamani tena. La mwisho katika yale 15 linauliza kama unadhani watu wengi wana hali nzuri kuliko yako. Mpelekee swali hilo bibi ambaye bati la nyumba yake limetoboka na mvua za masika ziko njiani. Akijibu ndiyo, tumepima sonona au tumepima paa?

Swali la pili katika orodha hiyo ndilo linalonisumbua zaidi. Linauliza kama umeacha shughuli nyingi ulizokuwa ukizifanya na kuzipenda. Ndiyo inahesabiwa kuwa dalili. Huko swali lilikotungwa, mzee aliyeacha kulima bustani yake pengine ameacha mwenyewe, kwa kukosa hamu, na daktari ana haki ya kushtuka. Kwetu huenda ameachishwa. Jembe lilifichwa nyuma ya ghala na mwanawe mpendwa.

Wanaofanya kazi ya kupima wazee wetu wanakutana na mambo kama haya kila siku. Wilayani Hai, Kilimanjaro, madaktari wa huko na wenzao kutoka Newcastle, Uingereza, wamefanya utafiti wa miaka mingi juu ya wazee wanaopoteza kumbukumbu, ugonjwa ulio mbali na sonona ingawa mara nyingi huingia pamoja nayo nyumba moja. Kipimo kilichotokana na kazi hiyo kinaitwa IDEA. Mtu ambaye hakusoma hapewi kalamu achore maumbo, jambo ambalo lingempima shule na si akili; anapewa njiti za kiberiti, anaonyeshwa umbo, anaambiwa alipange. Mikono iliyokaa miaka sitini na kuni na kiberiti haiogopi njiti. Baadaye kipimo hicho kikatiwa kwenye programu ya kifaa cha mkononi, ili mhudumu asiye daktari aweze kukitumia kijijini, na kikajaribiwa huko huko Tanzania. Nakitaja kwa sababu ni mfano wa teknolojia iliyoanza kwa kumtazama mzee ana nini mkononi, halafu ndipo ikatafuta kioo cha kuwekwa.

Lakini kupima ni mlango tu. Nani amejaribu kutibu kwa simu, na akapata nini? Jibu lililo wazi kuliko yote niliyoyaona linatoka Guarulhos, Brazil. Ni mji wa watu zaidi ya milioni moja uliopakana na São Paulo, na wasafiri wengi wamekanyaga hapo bila kujua, maana uwanja mkubwa wa ndege wa São Paulo uko Guarulhos. Vitongoji vyake vina maskini wengi, na wazee wengi waliosoma kidogo au hawakusoma kabisa. Brazil ina kitu ambacho sisi tunakijua nusu nusu: wahudumu wa afya ya jamii wanaoajiriwa na serikali, kila mmoja na mtaa wake, wanaopita nyumba kwa nyumba na kujulikana kwa majina. Marcia Scazufca wa Chuo Kikuu cha São Paulo na wenzake waliamua kuanzia kwa watu hao.

Jaribio lao la kwanza lilihusisha vituo vya afya 20 na wazee 715 wa miaka 60 na kuendelea waliokuwa na dalili za sonona. Katika nusu ya vituo hivyo mhudumu alipewa kishikwambi chenye programu iliyomwongoza hatua kwa hatua. Hakuwa mwanasaikolojia. Alikwenda nyumbani kwa mzee, wakakaa pamoja mbele ya kioo, wakatazama mafunzo juu ya sonona, wakazungumza nini kinaweza kufanywa wiki hiyo. Ziara ziliendelea kwa wiki 17. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: baada ya miezi minane, wazee 62.5 katika kila 100 waliotembelewa walikuwa wamepona sonona, na kwa wale waliobaki na huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo walikuwa 44.

Halafu wakajaribu jambo la pili, la kijasiri zaidi kwa namna yake. Wakamwondoa mhudumu. Wakarekodi jumbe za sauti na picha, lugha nyepesi, kwa ajili ya mtu asiyesoma, wakazituma kwa WhatsApp, mara mbili kwa siku, siku nne za wiki, kwa wiki sita. Mpango wakauita Viva Vida. Wazee walikuwa 603 kutoka vituo 24, na wale wa kulinganishwa walipata ujumbe mmoja tu. Matokeo yalitoka mwaka 2024. Baada ya miezi mitatu, waliopona walikuwa 42.4 katika kila 100, dhidi ya 32.2 wa upande mwingine. Baada ya miezi mitano tofauti ilikuwa imefutika.

Najua tafiti mbili haziwekwi kwenye mzani mmoja kirahisi hivyo. Muda wa kupima ulikuwa tofauti, na wiki sita si wiki 17. Tena watu kumi zaidi katika kila mia, kwa jumbe ambazo zikisharekodiwa zinaweza kutumwa kwa mji mzima kwa gharama ndogo, si jambo la kudharau. Nchi yenye wataalamu wa magonjwa ya akili wa kuhesabika haiwezi kuwadharau watu kumi hao. Hata hivyo nimezirudia namba hizo mara nyingi, na kila nikizirudia naishia kwenye kilichoondolewa katikati ya jaribio la kwanza na la pili: yule anayerudi wiki ijayo kuuliza.

Kwa maana maudhui yalifanana. Katika majaribio yote mawili mzee alifundishwa sonona ni nini, kisha akahimizwa kurudia shughuli. Njia hii ina historia yake. Katika miaka ya 1970, Peter Lewinsohn wa Oregon, Marekani, alishikilia kwamba mtu mwenye sonona ananaswa kwenye mzunguko: anafanya machache, kwa hiyo anapata machache yanayompa raha, kwa hiyo anazidi kuzama na kufanya machache zaidi. Sisi tumezoea kudhani mtu akipata nafuu ndipo atatoka nje. Yeye alianzia upande wa pili. Toka kwanza, hata kwa kujilazimisha, mwagilia mchicha, mpelekee jirani sahani, na moyo utafuata nyuma taratibu. Tiba iliyotokana na wazo hilo ni rahisi kuifundisha, ndiyo sababu mhudumu mwenye kishikwambi anaiweza, na ndiyo sababu inaingia kwenye ujumbe wa dakika chache.

Ukiielewa tiba hiyo, unaona tulivyo katika hali ya ajabu. Dawa ya sonona iliyothibitishwa kwa mzee wa Guarulhos ni kumrudishia shughuli, na sisi tunaonyesha mapenzi kwa kuziondoa. Ujumbe wa sauti unaweza kumwambia bibi saa tatu asubuhi, kwa sauti tamu, ajaribu leo kufanya kitu kimoja anachokipenda. Atanyanyuka, ashike ufagio. Na chumba kizima kitasema ile sentensi.

Hapa ndipo naona watengenezaji wa programu wanapokosea mlengwa. Wanamwandikia mzee tu. Mzee wetu haishi peke yake na simu yake. Kwanza, simu yenyewe mara nyingi ni kitochi, kile chenye vibonye na tochi, kinachokaa na chaji siku nne na kufungwa kwa mpira wa baiskeli pale kifuniko kilipolegea. WhatsApp haimo. Simu janja ikipatikana ni ile iliyoachwa na mjukuu aliyepata mpya, kioo kimepasuka, na bando linaisha tarehe tano. Macho yana mtoto wa jicho. Masikio yamepungua, kwa hiyo spika inafunguliwa mpaka mwisho, na ujumbe uliorekodiwa kwa unyenyekevu juu ya huzuni na machozi ya usiku unasikika uani, kwa wakwe, kwa muuza samaki aliyepita, kwa watoto wanaocheza rede. Watoto watauiga jioni. Mzee hataufungua tena.

Pili, kuna hofu, na hofu hiyo ina msingi. Menyu ya hela inayoanza kwa nyota mia na hamsini inafunga ghafla kabla mtu wa vidole vya pole hajamaliza kuchagua, na inamlazimu aanze upya mpaka akate tamaa na kumkabidhi kijana simu pamoja na namba ya siri. Kuanzia siku hiyo hela yake ni ya kuombwa. Kisha zinakuja zile jumbe ambazo kila Mtanzania amezipata, ile hela itume kwenye namba hii, na zile simu za sauti nzito zinazodai mwanao amekamatwa. Kijana akitapeliwa anatukana na kusimulia kijiweni. Mzee akitapeliwa ananyamaza, kwa kuwa akisema watamnyang'anya simu kwa ajili ya usalama wake. Nimemwona mama mmoja wa mtaani kwetu aliyepoteza hela ya kuezekea kwa namna hiyo. Wiki tatu hakutokea kwenye kikoba. Wenzake walidhani ni malaria.

Kwa hiyo mpango wa simu wa afya ya akili ukija kijijini na namba ngeni, ukaanza kuuliza maswali ya moyoni, tusishangae mzee akikata. Angekuwa mjinga kama asingekata. Namba anayoipokea bila wasiwasi ni ya mtu anayemjua kwa sauti: mwanawe, shehe au katekista, mwenyekiti wa kikoba, mhudumu wa zahanati aliyemchoma sindano. Teknolojia yoyote italazimika kupita kwenye sauti hizo.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda, na haukuanza na simu kabisa. Zimbabwe, mwaka 2005, daktari wa akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua. Familia ilikuwa imeambiwa impeleke kwake hospitali, lakini haikuwa na nauli. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wa akili wachache mno. Mwaka 2006, mtaa wa Mbare, Harare, Chibanda alipewa alichokuwa nacho kila mtu: bibi. Walikuwa 14, wahudumu wa jamii, wengi wao wa elimu ndogo. Akawafundisha njia ya kumsaidia mtu kulipanga tatizo lake na kulitatua hatua kwa hatua, wakakaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mwaka 2016 jaribio kubwa la watu 573 katika zahanati 24 lilichapishwa. Baada ya miezi sita, wenye dalili za sonona kati ya waliokaa na bibi walikuwa takribani 14 katika kila 100, na kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Mabenchi hayo yamesambaa nchi nyingine, Zanzibar ikiwemo.

Wengi wakisimulia habari hii hutazama upande wa waliotibiwa. Mimi hutazama upande wa pili wa benchi. Yupo mwanamke wa miaka 65 au 70 aliyezika waume na watoto, katika nchi iliyopita njaa, UKIMWI na mfumuko wa bei wa kutisha, na asubuhi anavaa vizuri, anatembea mpaka zahanati, kwa kuwa kuna mtu saa nne anamsubiri. Wahudumu hao wenyewe wameeleza kwamba kazi hiyo imewapa nguvu na heshima. Hakuna aliyewatibu. Walipewa kazi inayohitaji umri wao.

Simu inaweza kufanya hivyo pia, na bila programu yoyote. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, ana mjukuu anayefanya kazi Muscat. Kijana huyo amechoka kula hotelini, akaanza kumtumia bibi yake voisi kuuliza mapishi. Papa wa nazi anakaangwa kwanza au hakaangwi? Nazi ya kopo inawekwa lini isikatike? Mwanzoni bibi alijibu kwa neno mojamoja. Siku moja akaambiwa mchuzi umetoka mchungu, basi akaghadhibika, akaingia jikoni mwenyewe, akapika huku binti wa nyumba ameshika simu, akamsema kijana kutoka kitunguu mpaka chumvi. Watu wa nyumba walijaribu kumzuia asisimame kwenye moto. Aliwajibu kwamba ana mtu wa kumlisha. Sasa voisi zake ni ndefu kupita kiasi, zina habari za mtaa mzima ndani yake, na kijana analalamika kuwa zinammalizia bando. Sitaki kudai kwamba bibi huyu alikuwa na sonona na papa wa nazi akamponya. Ninachosema ni kwamba voisi ya kuomba ilimnyanyua kuliko miaka mitatu ya hela na ya kutolea.

Mambo makubwa zaidi yanahitaji serikali. Kenya mwaka 2023 ilizindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia taarifa za kila kaya. Tanzania mwishoni mwa Januari 2024 ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kufikia 137,294 ndani ya miaka mitano. Hizo ni hatua ambazo Guarulhos walizipitia zamani, na ndizo zilizowezesha kishikwambi kuwa na maana, kwa kuwa kilibebwa na mtu anayejua mlango. Kazi za wahudumu wetu zinaeleweka: mama na mtoto, malaria, kifua kikuu, lishe, chanjo. Mzee anaingia kwenye fomu akiwa na presha au kisukari. Katika simu ile ile anayoandikia hayo, mhudumu angeweza kuongezewa maswali machache ya moyo, yaliyojaribiwa kwa Kiswahili na kwa lugha za vijijini, na mojawapo lingekuwa hili: ni nani alikuomba ushauri wiki hii? Akijibu hakuna, mhudumu azungumze na bibi, halafu azungumze na wenye nyumba. Wao ndio wenye ufunguo wa ghala lenye jembe.

Na katika maelfu hayo ya wahudumu ningependa iwepo nafasi ya bibi mmoja kila kitongoji, wa miaka 65 hivi, asiyeogopwa, anayejua misiba ya kila nyumba. Asipewe kishikwambi kama hakitaki. Apewe kitochi, muda wa maongezi wa kutosha, na majina kumi ya wazee wenzake wa kupigiwa kila wiki kwa siku na saa inayojulikana, na namba ya daktari wa kumwita pale mmoja wao anaposema hana haja ya kuishi. Afundishwe kama walivyofundishwa wa Mbare. Akosolewe akikosea, kama mfanyakazi yeyote. Na alipwe kila mwezi, hela iingie kwenye laini yake mwenyewe, na namba ya siri aijue yeye.